Kibaba cha Mfuto, Kibaba cha Tele

Jina langu Zuwena. Nilizaliwa Kiponda, mjini Unguja, nikaolewa Ng'ambo, mtaa wa Kikwajuni. Haya yalinipata miaka ya hamsini, nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Nayaeleza kwa ajili ya kila aliyeambiwa ana maradhi ya sukari na akapewa karatasi ya chakula. Nitasema yote, hata yasiyopendeza, na kama yupo ndugu wa mume wangu atakayeudhika, basi audhike.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima. Nilikuwa nikishona kofia, na watu wa mjini walikuwa wakizifuata hadi nyumbani. Mume wangu alikuwa karani bandarini. Tuliishi na mama yake, Bi Mwanajuma, mwanamke mwema mwenye mkono wazi, na ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo. Mchele wa nyumba ile mimi nilikuwa nikiuona ukishakuwa wali.

Maradhi yalianza kwa kiu. Nilikuwa namaliza maji ya mtungi peke yangu, kisha nashinda njia ya chooni. Nikirudi baadaye naona sisimizi wamejaa pale nilipokojoa. Nikawashwa sehemu za siri mpaka nikachubuka, nikanyamaza kwa aibu. Nikakonda, bangili zikawa zinateleza mpaka kwenye kiwiko. Halafu macho yakafanya ukungu, tundu za kofia nikawa sizioni. Nilipotapika siku mbili mfululizo ndipo wakanipeleka hospitali.

Huko alikuwapo dresa mmoja, msaidizi wa daktari, Bwana Faraji, kijana mpole. Alichukua mkojo wangu akauchemsha katika kichupa pamoja na dawa ya buluu. Ile buluu ikageuka rangi ya tofali.

"Ikibaki buluu, hamna sukari," aliniambia. "Ikiwa hivi, imejaa."

Daktari alikuwa Mzungu mwenye miwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata. Alisema sindano kila asubuhi, maisha yangu yote. Mchele nusu kibaba kwa siku, robo mchana na robo usiku, na matunda matamu na halua nisiguse. Bwana Faraji akayaandika kwenye karatasi, "mchele nusu kibaba", akaniuliza kama nimefahamu. Nikasema nimefahamu. Mtu gani wa Unguja asiyejua kibaba?

Nyumbani nilimkabidhi mama mkwe ile karatasi. Akaanza kunipikia kijungu changu mbali, nikawa nakula peke yangu pembeni, wenzangu wamezunguka sinia. Wageni walikuwa wakiniangalia kama mwenye ukoma. Nilivumilia. Nilijifunza kuchemsha sindano na kujidunga paja mwenyewe, na chupa ya dawa nikaiweka kwenye gudulia la maji ili ipate baridi.

Basi kila nikirudi hospitali, mkojo rangi ya tofali. Daktari akaongeza dawa. Nikarudi, tofali. Akaongeza tena. Mara ya tatu alivua miwani.

"Wewe nakula siri," alisema. "Wewe mwongo."

Nilimwapia mbele ya watu kwamba sijala chochote zaidi ya nusu kibaba. Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakatazamana.

Mume wangu akayasikia, na kwake yeye yakawa kweli. Jioni ile alinisogelea akasema, "Hebu fumbua mdomo." Nikafumbua. Akanusa.

"Umekula nanasi."

"Wallahi sijala kitu."

"Miye nnasikia harufu ya nanasi, na wewe unaniapia."

Tangu siku ile, kila akirudi kazini alininusa mdomo kabla hajavua viatu. Ndizi akaziweka juu ya kabati. Nikienda kwa jirani yangu Bi Rukia, nikirudi nanuswa. Alininusa hata mbele ya mama yake. Nilikuwa nikisimama pale nimefumbua mdomo kama ng'ombe anayetazamwa meno sokoni, na nilimchukia. Yalikwenda hivyo miezi saba.

Katika miezi hiyo mtalawanda, kile kiatu cha mti cha chooni, ulinichubua kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Kilikuwa kidonda cha kiasi cha punje ya choroko, lakini hakikupona. Kikatoa usaha, kikawa cheusi, kikanuka hata mimi mwenyewe nikawa sijivumilii. Wakakikata. Daktari akasema nikiendelea na ulafi, ujao ni mguu. Nililia, si kwa kidole, kwa lile neno ulafi.

Akaongeza dawa tena. Safari hii alama zilikuwa nyingi mno kwenye bomba la sindano, hata Bwana Faraji aliuliza mara mbili.

Siku chache baadaye mama mkwe alikwenda Bububu kwenye msiba, akaniachia ufunguo wa stoo. Kwa mara ya kwanza nikapima mchele mwenyewe. Nilichota kwa kile kipimo cha nusu kibaba, nikapitisha kidole juu yake nikakifuta sawasawa, maana nilikuwa naogopa mguu wangu. Nikaugawa mara mbili, nikapika wa mchana. Nilishangaa wali ulivyokuwa mchache, nikadhani labda mchele ulikuwa mpya, haukuvimba.

Alasiri jasho lilinitoka likalowesha kanga. Mikono ikatetemeka, ulimi ukawa mzito, nikawa namwona Bi Rukia wawili mlangoni. Nikaanguka. Mengine nimesimuliwa na yeye. Alikimbilia kopo la sukari, na mume wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, akamnyang'anya.

"Unataka kumuua? Ana sukari huyu."

"Atakufa hivi hivi basi," Bi Rukia alimjibu, akatoka mbio kumfuata Bwana Faraji, aliyekuwa akikaa mtaa wa pili. Bwana Faraji akaja, akanishika mkono, akaomba ile sukari. Mume wangu akakataa kuitoa. Dresa akaichukua kwa nguvu, akaikoroga kwenye maji, akanitia kidogo kidogo kinywani mpaka nikafumbua macho.

"Leo umekula nini?" aliniuliza.

"Kama siku zote. Nusu kibaba, nimekula nusu yake."

"Nani amepima?"

"Leo nimepima mwenyewe."

Bwana Faraji akaaga. Kesho yake akarudi, mama mkwe naye kesharudi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nakuomba unipimie mchele wa Zuwena, kama unavyompimia kila siku."

Mama mkwe akachota. Akajaza, akajazia mpaka mchele ukafanya kichuguu juu ya kipimo na kuanza kumwagika pembeni. Kisha akatia konzi moja ya nyongeza.

"Bibi, hiyo ni tele," alisema Bwana Faraji.

"Sasa ulitaka nimpimie mfuto? Mfuto ni posho ya kijakazi. Huyu mke wa mwanangu, tena mgonjwa."

Bwana Faraji akakifuta kile kipimo kwa kiganja, akaweka mbali kilichozidi. Kilikaribia kuwa nusu ya kilichobaki. Nilitazama yale mafungu mawili na nikatazama mguu wangu.

"Kosa letu," alisema. "Tuliandika kibaba, hatukuandika kibaba gani. Sindano zikawa zinaongezwa kufuata tele, na jana umekula mfuto. Dawa ikakuzidi, sukari ikakuishia mwilini." Halafu akamgeukia mume wangu, maana Bi Rukia alikwisha kumweleza habari za kunuswa. "Na ile harufu ya nanasi ni ya maradhi yenyewe. Sukari ikizidi, pumzi inanuka hivyo."

"Kumbe," mume wangu alisema. Akatoka akaenda zake msikitini.

Tukaanza kupima mfuto, na dawa ikashushwa. Siku ya kwanza mkojo wangu ulipobaki buluu, daktari alinitazama akasema, "Wewe sasa najirekebisha. Vizuri." Nikainuka. Nilikuwa na mguu wangu na nilitaka kwenda nao nyumbani.

Namshukuru Mwenyezi Mungu, kisha Bi Rukia, kisha Bwana Faraji aliyekuja kutazama jikoni badala ya kutazama uso wangu. Wewe mgonjwa, pima chakula chako kwa mkono wako, kwa kipimo kimoja siku zote, na ukifute. Ukiambiwa kikombe, uliza kikombe gani. Ukiambiwa robo, uliza ya mchele au ya wali. Asiyependa kukuona unapima, akae sebuleni.

Mama mkwe aliniomba radhi siku ile ile, analia, na nilimsamehe hapo hapo, kwani alinizidishia kwa mapenzi. Mume wangu hakusema kitu. Nimekaa naye miaka mingi baada ya hapo, nikimpikia na kumfulia. Alipokuwa mahututi alinishika mkono akaniomba nimsamehe yote aliyonikosea. Nikamwambia nimekusamehe. Huo ndio uongo pekee niliowahi kumwambia.