Sauti Yangu Iliyosikika Fumba

Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa Mfunguo Pili, siku ya Jumamosi, niliadhirika mbele ya wanawake wa watu, na nikapoteza kisingizio nilichokikumbatia tangu mama yetu afariki. Naona haya hata kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mdogo wangu Zuhura alihamia Fumba miaka mitatu nyuma, akajiunga na jumuiya mpya ya dini, watu wanaoishi pamoja, wanakula chungu kimoja, hawana redio wala simu, na wana mwalimu wao wanayemsikiliza kuliko baba na mama. Sisi jamaa tuliobaki tukaunda kikao cha kuwapinga (mimi mbele kabisa, kwa ulimi huu). Ndipo akaja Dokta Mwanaidi, mwanamke wa chuo kikuu, anayefanya utafiti juu ya vikundi vipya vya dini na wale wanaovipinga. Alikuja kwangu Mtoni na kinasa sauti. Nikamuuliza, "Kwani hawa wamepotea au hawakupotea?"

"Hilo silipimi, Bi Raya. Mimi nasikiliza huku, nasikiliza na kule."

Nikasema mengi, na moja katika niliyosema halikuwa kweli.

Aliponiambia Jumamosi anakwenda Fumba, siku ambayo jumuiya inapokea wageni, nikaamua jambo dogo tu, bila kumwambia: na mimi niende, nizibe uso kwa nikabu, nikae nyuma, nimtazame Zuhura, nirudi zangu. Nilikuwa na hamu naye jamani. Yeye ndiye aliyekuwa akinisuka nywele, na tangu aondoke sijampa mtu mwengine kichwa changu.

Nikamkuta chumba cha wanawake, kakonda kidogo, anagawa chai. Alinipa kikombe, vidole vyetu vikagusana, asinijue.

"Funua uso, bibi, hapa hamna wanaume," akasema mama mmoja mnene, mkubwa wa pale.

"Jino linaniuma," nikajibu kwa sauti ya puani.

"Masikini! Basi tukuombee."

Wakaniombea jino, chumba kizima, mikono juu, na Zuhura akiomba kwa bidii kuliko wote, na mimi naitikia amina na meno yangu yote mazima.

Dokta alikuwa amemaliza kuwahoji, na wao wakataka kuzisikia sauti zao. Akabonyeza, akakosea. Ikatoka sauti yangu: "Wale wezi wa watoto wa watu!" Niliruka nikinyakue kile kinasa sauti, nikakanyaga pindo la buibui, nikaangukia sinia la chai, na yule mama mnene alipotaka kunidaka akabaki na nikabu yangu mkononi. Dokta anahangaika kukizima, nacho kinaendelea: "Hata mama alipokufa walimzuia asije kuzika."

Hapo kikazimika.

"Sisi?" akasema yule mama. "Sisi tumemzuia nani?"

Zuhura alikuwa ananitazama mimi. "Dada. Mama kafa?"

"Kafa."

"Lini?"

"Rajabu."

"Nani alikuja kuniambia?"

Ningeweza kusema kuna mtu nilimtuma akapotea njia. Nikasema, "Hakuja mtu."

"Kwa nini?"

"Ilitangazwa redioni."

"Dada, unajua sisi hatuna redio."

"Nnajua."

Nilijua siku ile ile ya msiba. Jirani aliniuliza nani aende Fumba, nikamwambia redio inatosha, kwa sababu nilikuwa na hasira na Zuhura, nikataka siku akija kujua aumie kama nilivyoumia mimi.

"Nani alimuosha?" akauliza.

"Mimi na shangazi."

Akaondoka chumbani. Dokta akaniomba radhi mimi, akawaomba radhi na wao, akasema sauti ile ilikuwa amana. Nikamwambia lile neno alifute, si kweli. Kikaoni siendi tena, na sitamsingizia mtu tena kosa nililolitenda mimi.

Nilikaa nje barazani, chai inanichuruzika, mpaka ikaadhiniwa alasiri. Zuhura akatoka na kanga kavu, macho yamemvimba. Akanivua buibui lililorowa, akanifunga kanga kifuani, akalikaza fundo.

"Kazikwa wapi?"

"Mtoni, ubavuni mwa baba."

Akatikisa kichwa kuitikia, akalikunja lile buibui, akaingia nalo ndani, akafunga mlango.