Wakunga Katika Mkanda Usio na Sauti

Mtaani walimwita Bi Kanda kwa sababu ya video za harusi. Nusu ya ndoa za mtaa ule alizirekodi yeye, na baadhi yake zilivunjika kabla hajamaliza kuhariri video zake. Ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma ya karakana ya mumewe, fundi friji. Watu walimletea humo kanda za zamani zilizoota ukungu, awahamishie kwenye simu. Kazi hiyo ndiyo iliyomteka moyo. Akisafisha kanda, akamwona bibi wa mtu, sasa marehemu, akicheza na kucheka, alishinda siku nzima akitabasamu peke yake.

Alikuwa na shahada ya historia iliyolala kabatini miaka mingi. Kwa hiyo alipoona mtandaoni tangazo la udhamini wa shahada ya uzamili ng'ambo, ya historia na uhifadhi wa filamu, ada, nauli na chumba vyote juu ya wafadhili, aliomba. Mara ya kwanza walimkatalia. Alilia, akanawa uso, mwaka uliofuata akaomba tena. Wakamchukua.

Mama yake, mkunga mstaafu, alikuwa anachambua mchele alipopewa habari hiyo.

"Yaani unakwenda kusomea kutazama sinema?"

"Kuzitunza, mama. Zisioze."

"Na wanakulipia wao?"

"Kila kitu."

Mama aliutikisa ungo kidogo. "Basi nenda upesi, kabla hawajashtuka."

Mumewe aliuliza jambo moja tu: nani atamsuka binti yao? Bi Kanda akamfundisha. Picha ya kwanza aliyotumiwa huko ng'ambo ilionyesha kichwa chenye mistari iliyokwenda upogo, na chini yake mtoto anayecheka kwa meno yote. Aliitazama akacheka, kisha akalia.

Miezi ya mwanzo ilimwelemea. Wenzake walijadili filamu ambazo hakuwahi hata kuzisikia, naye alikaa nyuma akiandika mpaka vidole vikafa ganzi. Mambo yalibadilika walipoambiwa kila mmoja achague mkanda mmoja kutoka ghala la filamu na kuandika historia yake. Ghala hilo lilihifadhi filamu za wataalamu wa afya waliowahi kuzunguka nchi nyingi, ya kwao ikiwamo. Akaomba aonyeshwe hizo. Kopo moja la mkanda lilikuwa limeandikwa: "Wauguzi, hawajulikani."

Mkanda haukuwa na sauti. Wanawake waliovaa sare nyeupe walishuka ngazi, na ngazi zile Bi Kanda alizijua. Zilikuwa za hospitali alikozaliwa, ambako mama yake alifanya kazi ya ukunga.

Alimwomba mwalimu wake ruhusa, akampigia mama simu ya video na kuielekeza kwenye skrini.

"Hee! Rudisha nyuma. Hapo hapo!" mama alisema. "Huyo mrefu."

"Unamjua?"

"Nisimjue vipi? Ndiye aliyenifundisha kazi. Ukikosea hasemi kitu, anakutupia jicho tu, unatamani ardhi ipasuke." Bi Kanda akamsikia akivuta kamasi. "Sikujua kama kuna picha yake popote duniani."

"Na wewe uko wapi, mama?"

"Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimelala kama gogo! Na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniamsha. Roho mbaya tu."

Tangu siku hiyo kila Jumamosi mama aliwaalika sebuleni wakunga wenzake wawili, wakabanana mbele ya simu.

"Huyo si mimi," mmoja alikana. "Mimi sikuwahi kuwa na miguu hiyo."

"Ni wewe," mama akamjibu, "na viatu ulivyovaa ni vyangu."

Katika mabishano hayo kila uso ulipata jina, na Bi Kanda akayaandika yote: nani alikuwa na mkono mwepesi, nani aliimba katika chumba cha leba ili wanawake wanaojifungua wasiogope. Tasnifu yake ilipita vizuri. Maandishi ya kwenye kopo yakabadilishwa, yakawekwa majina ya wauguzi. Aliomba nakala aende nayo nyumbani. Watu wa ghala wakamzungusha kwa miezi, hatimaye wakampa.

Filamu ilionyeshwa katika bwalo la hospitali ile ile, kwenye shuka zilizounganishwa na kutundikwa ukutani. Wazee walikaa mbele, wakiwaeleza wauguzi vijana kila kilichotokea, wote kwa pamoja. Alipotokea yule mrefu, mama alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Wenzake nao wakasimama, mmoja akishikilia kiuno, na bwalo zima likawafuata.

Baada ya hapo kituo cha televisheni kilimwajiri Bi Kanda kutunza kanda za kituo hicho. Mshahara si wa kutambia, na chumba alichopewa kina rafu zilizojaa vumbi na kiti kimoja. Lakini watu wamesikia kuwa anatunza filamu za zamani. Juzi asubuhi dereva mmoja mstaafu aliingia na gunia begani, ndani yake makopo yakigongana.

"Vilikuwa juu ya dari," alisema. "Sijui hata ni vitu gani."

"Hata mimi sijui, baba," Bi Kanda alijibu, akampisha kiti. "Kaa, tuangalie."