Kuchoka kwa Kihispania

Fundi wetu wa cherehani hapa mtaani Shika Adabu hachoki kwa Kiswahili. Ukimwuliza habari za asubuhi, ni njema, alhamdulillahi; za kazi, njema; za mgongo, mzima; na huku mkono wa kushoto unaukanda mgongo wenyewe. Mteja akigeuka tu, huinamia cherehani na kuinong'oneza: "Estoy harta." Yaani nimechoshwa. Uzi ukikatika mara ya tatu, husema: "Estoy hasta las narices." Hiyo, alinifasiria siku moja na pini mdomoni, ni kwamba yamemfika puani. Kihispania alikiokota kwenye hoteli moja Diani, alikokuwa akikunja mashuka. Kulalamika kwa Kiswahili, anasema, ni kukufuru neema, tena majirani wanasikia. Bi Tima wa mlango wa pili hudhani ni dua. Huitikia amina.

Juzi aliingia mgeni, mwanamke kutoka Uhispania, zipu ya gauni imemharibikia. Uzi ukakatika, na fundi akalisema lile la puani kwa sauti. Mgeni akacheka, akavuta kigoda, akamwuliza kwa lugha hiyo hiyo, taratibu, umechoshwa na nini, mwenzangu? Wallahi nilidhani leo atamwaga yote. Fundi alitoa pini mdomoni moja moja, akaweka mtandio sawa, akatabasamu. "Nada, señora. Todo bien, gracias a Dios." Hakuna kitu, bibi, mambo yote mema, alhamdulillahi. Akaishona zipu.

Tangu siku hiyo, uzi ukikatika, hutazama mlango kwanza.