Nani Anayefyeka Ufukweni?

Juzi nilitoka Buswelu kwenda kijiji kimoja cha kando ya ziwa, barua yangu ya kiwanja igongwe muhuri. Nikiwa ofisini kwa mtendaji wa kijiji, wakaingia vijana wawili na mabegi makubwa mgongoni. Wanatembea kwa miguu kutoka Mwanza mpaka Musoma, na walikuja kuripoti kwamba watalala pale kijijini.

"Shikamoo mama," alisema msichana. "Mahali tumeshapata. Kule ufukweni, kwenye majani mafupi. Hema tumeshasimamisha."

Mkono wa mtendaji ulibaki hewani na muhuri. "Yale majani unadhani nani anayafyeka?"

"Si wanakijiji?"

"Mwanangu, sisi hata uwanja wa shule umetushinda. Yale anayala kiboko. Jua likizama anatoka majini, na anapita hapohapo mlipoweka hema."

Kijana mwenzake alikaa sakafuni, begi likiwa bado mgongoni. Mtendaji akawaamuru wakang'oe hema upesi, wakalale darasani.

Nilitaka kuwacheka hawa watoto wa mjini, mdomo ukagoma. Mchana ule, nikimsubiri mtendaji, nilikuwa nimejilaza palepale kwenye yale majani, nikimsifu kimoyomoyo mwenyekiti wa kijiji kwa usafi.