Mwalimu wa Gauni Moja

Fundi cherehani hapendi mwanamke mwenye gauni moja. Nalisema mapema ili nisionekane najificha. Mimi nakula kwa sababu wanawake wanataka nguo mpya: ya Idi, ya arobaini, ya kumsindikiza shoga, ya kumkomoa wifi. Mwanamke asiyetaka nguo mpya ana kasoro, ndivyo nilivyoamini, na miaka yote niliyokaa na cherehani yangu pale barazani, milima ya Uluguru mbele ya macho, hakutokea wa kunibishia.

Akaja mwalimu.

Alihamishiwa Morogoro kikazi kutoka Tabora, akapanga chumba cha mbele kwenye nyumba tunayokaa. Alishuka na begi moja. Nikamwambia binti yangu, mizigo mingine ya huyu iko njiani. Wiki ikapita, ya pili ikapita, mizigo haikuja. Ndipo nikagundua kwamba mwanamke mzima, mwalimu wa sekondari, ana gauni moja tu la kutokea. Jioni analifua, analianika, asubuhi analo tena mwilini.

Lilikuwa la zambarau iliyokolea, kitambaa cha kuvutika, sketi pana mpaka kwenye vifundo vya miguu. Halina zipu, halina kifungo. Kiunoni kwa mbele yametoka mapande mawili marefu, kila moja refu kuliko mtu, hayajashonwa popote zaidi ya hapo. Mimi niliyaita mikia. Fundi gani, nilijiuliza, anamwachia mteja amalizie nguo mwenyewe?

Jumatatu mikia imepita kifuani, imevuka mabega, imefungwa mgongoni, na koti juu yake. Jumanne imesokotwa shingoni. Jumatano imegeuka mikono mifupi, kiunoni mkanda wa ngozi. Alhamisi kavaa shati jeupe juu, gauni limekuwa sketi, mikia imefungwa ua kubwa ubavuni. Ijumaa tukapata msiba nyumba ya tatu, na yeye ni Mkristo, akaja kajifunika mabega na kichwa kwa mikia ile ile, kajistiri kuliko sisi tuliozaliwa na mtandio. Wanawake wakaanza kunong'ona pale mkekani kwamba mwalimu ana nguo nzuri. Eti nguo. Nikawaambia ni moja hiyo hiyo, wakakataa. Nikaapa. Nilidhani watamcheka, kumbe nimewapa njaa: wakamsogelea kumuuliza inafungwaje.

Nilirudi nyumbani nimevimba kama andazi. Wale walikuwa wateja wangu.

Lakini wateja ningewasamehe. Kilichonikaa kooni ni binti yangu.

Binti huyu sikumzaa. Ni wa mdogo wangu, aliyefariki mtoto akiwa na miaka minne. Kwetu Waluguru jambo hilo halihitaji maelezo mengi: mtoto ni wa upande wa mama, na mama akiondoka, dada yake yupo. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Na aliyelea, je? Mimi nimemlea chini ya meza ya cherehani, anaokota vitambaa, nikamfundisha kushika sindano kabla hajajua kusoma. Hana nguo aliyowahi kuvaa kwa sherehe ambayo haikupita mikononi mwangu. Alipoanza kazi kwenye duka la dawa karibu na stendi, kila asubuhi alipita kwangu nimtazame: geuka, sogea, kola hiyo, haya nenda. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Mwalimu alipohamia, ile salamu ikahamia chumba cha mbele. Binti akiamka anakwenda kuona leo gauni limefungwaje. Nawasikia wanacheka. Mimi niko uani na chai yangu, nasikiliza kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwangu, na chai inapoa. Sikuwahi kumchekesha mtoto yule. Nilimlisha, nilimvisha, nilimchapa alipostahili, lakini kumchekesha sikujua kama nayo ni kazi yangu.

Siku moja akatoka amevaa gauni la kitenge nililomshonea mimi, siku tatu nzima nimeinamia, na amelivaa nyuma mbele. Nikamuuliza kama amelewa. Akasema mwalimu kamwambia shingo ya nyuma ndiyo inayompendeza. Nikamtazama kwa jicho la ufundi, nikitafuta kosa niliseme. Kibaya zaidi, ilikuwa kweli. Ilimpendeza.

Nikamwendea mwalimu kwenye kamba ya nguo, nikamuuliza kwa sauti ya utani, mwenzangu, nguo zako nyingine ziliibwa? Akacheka, akanipa shikamoo kwanza, maana adabu alikuwa nayo, na hilo nalo liliniudhi. Akaniambia alikuwa na kabati limejaa, na kila asubuhi anasimama mbele yake mpaka anachelewa kazini. Akawagawia wadogo zake, akabaki na hilo moja. Tangu hapo, anasema, haulizi nivae nini, anauliza nilivae vipi, na swali hilo la pili linamfurahisha. Nikamwambia vizuri. Moyoni nikasema, mwongo, huyu anatafuta sifa.

Basi ikaja posa. Kijana wa Dumila, ana duka la vifaa vya ujenzi pale njia panda, mtu mstaarabu, sina neno naye. Mjomba wa binti, ambaye ni kaka yangu, akashuka kutoka Mgeta, mambo ya wazee yakazungumzwa yakaisha, tukapanga siku ya kumuaga. Na kwenye ukoo wetu siku hiyo ina jambo lake. Kabla binti hajakabidhiwa, mjomba anasimama anauliza mbele ya watu, mama yake ni nani? Mwanamke mmoja anatoka, anamfunga binti khanga kiunoni juu ya nguo aliyovaa. Basi. Anayemfunga ndiye mama, na hakuna atakayeuliza tena mpaka kufa. Mimi sikuwa na wasiwasi kwamba nitamfunga. Nilitaka zaidi: chini ya khanga ile kuwe na gauni langu, na nguo ya juu na ya chini zote ziseme kitu kimoja. Satini ya dhahabu nilikuwa nayo sandukuni, nimeitunza tangu yule kijana hajajulikana.

Jioni moja akaja kukaa miguuni pangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aote matiti. Akanizungusha weee, habari za kazini, habari za joto, mwisho akasema mwalimu amempa gauni lake. Kumpa kabisa, si kumwazima. Atalivaa siku ya kuagwa, atatoka nalo mara tatu, kila mara limefungwa kivingine: kwanza kajifunika kwa ajili ya wazee, kisha la kukata keki, kisha la kuchezea. Nikauliza na yeye mwalimu siku hiyo atavaa nini. Akasema kasema atavaa khanga.

Halafu akaliweka mapajani kwangu. "Ila refu kwangu, mama. Naomba unipunguzie pindo."

Nikasema sawa. Kwenye sanduku kule satini yangu imelala, na mimi nikasema sawa. Nilikuwa na kiburi cha kutoomba. Nilitaka aone mwenyewe.

Nililishona mchana, barazani, watu wanapita wananisalimu na mimi naitikia marahaba. Pindo nililimaliza upesi. Kisha nikalitandaza mezani nikaitazama ile mikia, na nakiri, ilikuwa imekatwa na mtu anayejua kazi. Nikaipitisha kifuani, nikaivusha mabegani, nikaishusha mgongoni. Hapo nikachukua sindano. Nikashona mabega, nikashona ubavu wa kulia na wa kushoto, nikaikamata mgongoni mpaka kiunoni, mshono mdogo wa mkono usioonekana, uzi wa rangi ile ile. Jirani akaniuliza mbona leo natabasamu. Nikamwambia kazi imenikubali. Ningeulizwa ningejibu nimemstiri mwanangu asibaki kifua wazi mbele ya wajomba zake, na nilijizoeza sentensi hiyo mpaka ikanikaa mdomoni. Lakini nilijua ninachofanya. Nilikuwa naliua gauni la mwalimu. Nilitaka libaki moja kweli.

Nikalipiga pasi, nikalikabidhi asubuhi ya sherehe, binti akiwa anakimbilia saluni. Hakupata muda wa kulijaribu.

Saa tisa alasiri turubai limejaa. Ndani chumbani tuko watatu: binti, mwalimu, na mimi nimeshika khanga. Mwalimu amevaa khanga doti moja, kajifunga vizuri, wala hana aibu. Binti akaingia kwenye gauni, likamkaa. Mwalimu akashika mikia aivute imfunike kichwa, haikuja. Akavuta tena, taratibu. Akapitisha vidole begani, akashuka ubavuni, akafika mgongoni. Binti akageuza ukingo wa ndani akatazama. Ana macho ya kazi, nilimpa mimi. Mimi nikimaliza uzi napiga mafundo matatu kisha narudi nyuma mara moja, na Morogoro nzima hakuna mwingine anayemaliza hivyo isipokuwa yeye.

Nje mshereheshaji anaita. Ile sentensi yangu ya kumstiri ikakataa kutoka. Mwalimu akauliza kwa sauti ya chini kama kuna wembe karibu.

"Acha, dada," binti akasema. "Mama hakutaka nitoke kifua wazi. Twende hivyo hivyo."

Alinitetea, mbele ya mwanamke niliyetaka kumwaibisha. Akatoka. Akasalimia wazee na gauni hilo hilo, akakata keki nalo hivyo hivyo, akacheza nalo hivyo hivyo. Watu hawakujua kitu, walisema limempendeza. Kaka yangu akasimama akauliza mama yake ni nani, nikatoka, nikamfunga khanga, vigelegele vikapasua turubai. Nilichokitaka nilikipata chote. Akaniambia ahsante mama, kama mtu anavyomshukuru muuza duka, akamtazama mwalimu aliyekuwa amesimama nyuma ya wapiga picha.

Nilidhani yataisha. Akahamia Dumila. Akipiga simu kwangu, nikimuuliza habari za wiki, nagundua mwalimu alishaambiwa tangu jana. Sikuweza kulala na hilo. Nikanunua kitambaa cha kuvutika, nikakata gauni la mikia miwili, vipimo nilikuwa navyo kichwani tangu lile la kwanza lilipopita mezani kwangu. Nikashona zuri, nasema bila haya, zuri kuliko la mwalimu. Nikalituma kwa basi. Akanishukuru kwa simu.

Mwezi wa pili tangu ahamie akaja kunitembelea. Namwona anaingia uani, kavaa la zambarau, limefungwa vile vile nilivyolifunga. Akaja tena baada ya Idi, hilo hilo, hivyo hivyo. Kila akija kwangu ndilo, wala halina staili nyingine, kifuani, mabegani, mgongoni. Akishaniamkia na kunipa mzigo wa vitunguu anakwenda chumba cha mbele, nabaki nasikiliza ule mcheko. Nikamuuliza lile nililomtumia liko wapi. Akasema kampa wifi yake, limemfaa sana.

Mara ya mwisho sikuvumilia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, mgongo kanipa, na ule mshono wangu nauona wote. Nikachukua wembe kwenye droo ya cherehani, nikapiga magoti nyuma yake. Nikamwambia nilikosea. Nikamwambia nilimwonea wivu mwalimu, na yeye pia nilimwonea wivu, kwa sababu alikuwa anacheka, na sijui kama mtu mzima anasema mambo kama hayo kwa mwanawe, lakini niliyasema. Nikamwomba anipe bega nifumue, dakika kumi tu, liwe kama zamani.

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. Hakugeuka, wala hakukasirika, na ningeshukuru angekasirika.

"Usifumue, mama," akasema. "Kitambaa cha hivi kikishachomwa sindano, matundu hayafutiki. Si wewe uliyenifundisha?"