Saa Kumi na Mbili Zikaandikwa Sifuri

Admin, nifichie jina, Kigoma tunajuana. Mimi ni dada wa miaka 27, naishi Gungu na mwanangu mmoja. Ni karani kwenye godauni la kufungasha dagaa. Naandika saa ya kuingia na ya kutoka ya kina mama wanaochambua dagaa, halafu najumlisha kwa ajili ya malipo ya Jumamosi. Mmoja wao ni mama yangu mdogo, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki nikiwa darasa la pili.

Mwezi uliopita bosi alileta kompyuta. Dagaa wakiwa wengi, kina mama wanaingia saa moja asubuhi, wanatoka saa moja jioni. Nikaingiza moja na moja, kama ilivyo kwenye daftari. Kompyuta ikachukua moja, ikatoa moja, ikaleta sifuri. Watu wameinama kutwa nzima mpaka migongo inakataa kunyooka, mashine inasema hawakufanya kazi.

Nikamfuata bosi. "Hapa pamekosewa. Tukiingiza saa za kizungu, saba na kumi na tisa, inaleta kumi na mbili."

Akaangalia, akacheka. "Iache. Siku zenye sifuri nitawapa nusu siku, kwa huruma tu. Wakiuliza, sema ni kompyuta."

Kwa huruma. Jasho lao wenyewe anawagawia kama sadaka. Na mimi, kwa kuogopa kukosa kazi, nikanyamaza.

Jumamosi ya kwanza mama mdogo alihesabu hela yake mara mbili, akaja mezani kwangu. "Mwanangu, saa zangu ziko wapi?"

"Ni kompyuta, mama."

"Na kompyuta anaiandikia nani?"

Nikajifanya napanga karatasi. Nyuma yake mwenzake akasema kwa sauti, "Anamla hata aliyemlea." Mama mdogo hakunitetea. Wiki ya tatu sasa hakanyagi kwangu, na mwanangu kila siku ananiuliza bibi amekwenda wapi.

Jana bosi kaniita tena. Anataka daftari la zamani nilichome, niandike jipya lenye saa za kompyuta, nisaini kila ukurasa. Nikamuuliza, wakija watu wa ofisi ya kazi ya serikali je? Akasema, "Utawajibu wewe. Mimi sijasaini popote."

Daftari sijalichoma, nimelificha nyumbani. Lakini karatasi zote za malipo ya wiki hizi tatu zina saini yangu, yake haipo hata moja.

Jumatatu anataka daftari jipya mezani. Nikienda ofisi ya kazi na lile la kweli, naogopa itaonekana mwizi wa kwanza ni mimi. Nikikaa kimya, naendelea kuwaibia kina mama kwa mkono wangu. Na mama mdogo nimwambie kabla, au baada? Mliowahi kusaini uongo wa bosi, mlitokaje? Nitukaneni mkitaka, ila mniambie nianzie wapi.