Swali Ambalo Dada Aliliita Lake

Dada yangu alirudi nyumbani Awendo kutoka Sindo, alikokuwa ameolewa, akiwa na begi moja na beseni la kuuzia omena, dagaa wa ziwani. Hakueleza, nami sikuuliza. Mimi ni kitindamimba, na kwetu Wajaluo kitindamimba ndiye anayebaki katika boma la wazazi. Nilimfungulia chumba cha marehemu mama.

Kazi yangu ni kutengeneza redio na simu. Shule niliiacha mapema, mengine nimejisomea, somo moja hadi liishe ndipo nianze jingine. Wakati huo nilikuwa nikisoma siasa, na ndivyo nilivyokutana na yale majaribio ya mtandaoni yanayokuuliza maswali mengi, kisha yanaweka nukta kwenye mchoro wa mraba kukuonyesha umesimama wapi: kushoto au kulia, juu kwa wanaopenda mamlaka au chini kwa wanaopenda uhuru.

Jumapili moja mchana, Dada akichagua mchanga kwenye omena, nilimsomea maswali hayo nikimtafsiria kwa Kijaluo.

"Ardhi isiwe bidhaa ya kununuliwa na kuuzwa. Unakubali au unakataa?"

"Ardhi ya nani?"

"Hawajasema."

"Kama ni ya baba, nakubali. Kama ni ile ploti ninayoitaka pale sokoni, waniuzie hata leo."

Nilimweleza kwamba hakuna mahali pa kueleza. Unabonyeza nakubali kabisa, nakubali, nakataa, au nakataa kabisa.

"Basi hao hawataki kujua," alisema. "Wanataka kumaliza."

Tuliendelea hivyo. Mimi nilipima kila neno: "jamii" ni ukoo au taifa? "Mamlaka" ni chifu au mzazi? Yeye alijibu kabla sijamaliza kupima. Kisha likaja swali hili: mila inayoumiza wachache inafaa kuhifadhiwa ikiwa inawaunganisha wengi.

Aliacha omena. "Hilo ni langu."

Nilijua alichomaanisha. Binti aliyeolewa, akifia kwao baada ya kuacha ndoa, hazikwi ndani ya ua wa baba yake. Anazikwa nje.

"Nakataa kabisa," alisema. "Bonyeza kwa nguvu, wasikie. Na nikifa, wuod mama, utawaambia hivyo hivyo?"

Wuod mama ni mwana wa mama yangu. Aliniita hivyo pale tu alipokuwa hana utani.

"Nitawaambia."

Nukta yake ilitua kushoto, chini kabisa. "Chini tena? Hata kwa simu?" Alicheka hadi akakohoa. Yangu ilikuwa karibu na katikati. "Tazama profesa wetu," alisema. "Amesimama langoni. Haingii, hatoki."

Presha ilimchukua msimu wa miwa uliofuata, akiwa sokoni, mkono ukiwa bado kwenye kipimo cha omena.

Katika kikao cha mazishi nilisema. Nilikuwa nimejipanga: nilianza na kanisa, nikaja kwenye sheria, nikamalizia na mama, ambaye angemtaka karibu. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu na mkubwa wa ukoo kwa sasa, alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, hakuna anayemchukia," alisema. "Lakini tukimzika ndani, wasichana wa boma hili hawataolewa. Unao wawili. Unakubali tumzike nje, au unakataa?"

"Nakataa."

Aliwauliza wengine mmoja mmoja, na wote wakakubali. Binti yangu mkubwa alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, akinitazama. Dada alizikwa nje ya ua, upande wa shamba la miwa, mahali ambapo trekta zikipita vumbi humwangukia.

Nililifungua tena lile jaribio. Nilifika kwenye swali lake nikabaki nalo hadi kioo cha simu kikazima. Nilikuwa na daftari zima kichwani la maana za "kuumiza", na hakuna hata moja iliyonisaidia kubonyeza.

Mvua ilipoanza nilikata vijiti vya mnyaa kutoka kwenye ua wa zamani nikaanza kupanda mstari mpya. Ulitoka kwenye kona ya zizi, ukapita nje ya kaburi, ukarudi kuungana na ua upande wa pili.

Baba mdogo alikuja akasimama nyuma yangu.

"Unafanya nini?"

"Boma limekuwa dogo, baba mdogo. Napanua ua."

Alitazama mstari wote. "Yule tulimzika nje."

"Ndiyo, baba mdogo. Tulimzika nje."

Alivua kofia, akaishika kitambo. Nilidhani ataving'oa vijiti.

"Angalia utomvu usikuingie machoni," alisema. "Huo unapofusha." Kisha akazunguka mbali hadi langoni, ingawa mahali alipokuwa palikuwa wazi na angeweza kupita katikati ya vijiti.

Vijiti hivyo bado vinanifika magotini. Vingine vimekauka, navipanda upya. Mbuzi wanapita kati yake bila kujua kwamba kuna ua. Ua wa zamani siwezi kuukata kabla huu haujakua, ng'ombe wataingia kwenye miwa ya watu. Kwa hiyo asubuhi nikifungua mlango ninaona minyaa mirefu aliyopanda baba, na Dada yuko upande ule mwingine.